GEUZA UPANDE WA PILI

Nimeishika kalamu kwa sababu ya jambo moja tu, nalo limenikaa rohoni tangu ile Jumamosi ya muhula wa pili nilipozomewa mbele ya shule nzima.

Mliokuwako mtakumbuka. Ilikuwa zamu ya Chama cha Kiswahili kuandaa burudani ukumbini. Mwalimu mlezi alitukubalia kutumia tarakilishi yake pamoja na vile vipaza sauti viwili ambavyo kimoja hukoroma kama mzee aliyelala chali. Wenzangu walileta nyimbo zinazovuma, watu wakacheza hadi vumbi likapanda darini. Ilipofika zamu yangu nikaweka wimbo mmoja mfupi sana, ulioimbwa na wasichana wa Kikipsigis na kunaswa mwaka 1950. Kinubi kikaanza kulia polepole, ting-ting, ting-ting, kisha sauti moja nyembamba ikaingia na nyingine zikaipokea. Hata nusu dakika haijaisha, mtu wa viti vya nyuma akapaza sauti, "Toa hiyo matanga!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jamaa mwingine, tena rafiki yangu wa dawati moja, akauliza eti ni betri imekwisha au ni msanii amekwisha. Basi wimbo ukazimwa.

Sina kinyongo na mtu. Aliyesema ile ya betri alichekesha, hata mimi nilicheka. Lakini nashikilia kwamba tulikosea, na nitaeleza kwa nini. Atakayeona nimepotoka aniandikie katika toleo lijalo, nafasi iko.

Nianze nyumbani. Babu yangu alifanya kazi miaka mingi katika mashamba ya chai huko Kericho, akikaa katika zile nyumba za wafanyakazi tunazoziita laini. Laini ni Kenya ndogo. Ukuta wa huku Mluo, wa kule Mkamba, wa nyuma Mkisii, na kila mmoja mwisho wa mwezi alikuwa na shilingi mbili tatu za kujifurahisha. Babu hakuwa mlevi. Yeye alinunua santuri. Kwa wale wasiozijua, santuri ni ile sahani nyeusi yenye mifereji myembamba, inayozungushwa chini ya sindano ikatoa sauti. Alizonunua babu nyingi zilikuwa zile ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika, wimbo upande huu, wimbo upande huu. Alinunua benga za Kiluo asizoelewa hata neno moja, akanunua za Kikamba, za Kilingala, za Kiswahili na za kwetu. Akiulizwa kwa nini ananunua nyimbo za lugha asiyoijua, hujibu kwamba gitaa halina kabila. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni jibu la kukwepa swali. Siku hizi naona alijibu sawasawa.

Baadaye kinanda kikaharibika, sindano zikakosekana, na sanduku likahamishiwa ghalani karibu na mahindi. Hapo ndipo uovu wangu ulipoanzia. Mimi na binamu zangu tuligundua kwamba santuri ikirushwa vizuri huruka kama mwewe. Tulikuwa na mpera nyuma ya jikoni, nao ndio uliokuwa shabaha yetu. Sijui tulivunja ngapi. Moja tu ndiyo ninayoikumbuka, kwa sababu ilikuwa na lebo nyekundu na vipande vyake nilivizika mwenyewe nikiogopa kiboko.

Miaka ikapita. Likizo ya Desemba iliyopita babu alikuwa anaugua kifua, tukawa tunakaa naye zamu zamu. Usiku mmoja akaniambia, "Kijana, katika lile sanduku kuna santuri ya rafiki yangu wa laini. Ina karatasi nyekundu. Niletee niishike tu." Kuishika tu, maana kinanda hakuna! Nilijifanya natafuta. Nilitafuta na tochi zaidi ya nusu saa, hali najua kabisa iko wapi. Mwishowe nikamweleza ukweli. Hakunigombeza. Aligeukia ukutani akalala, na afadhali angenigombeza.

Rafiki yake yule alikuwa mkata chai kama yeye, mtu wa kutoka Ukambani. Alikwenda Nairobi na gitaa la kuazima pamoja na vijana wawili, wakarekodi wimbo mmoja wa Kiswahili, akarudi na santuri chache akawauzia wenzake wa laini, kisha mambo yakaishia hapo. Redioni haukupigwa, au ulipigwa mara moja watu wakiwa shambani. Babu hakumbuki jina la kundi. Huyo rafiki wote pale laini walimwita kwa jina la utani.

Sasa nije kwenye kichwa cha makala yangu. Katika sanduku la babu niligundua jambo ambalo wengi wetu, tuliozaliwa wakati wa nyimbo za simu, hatulijui. Upande mmoja wa santuri ndogo hauwezi kubeba wimbo mrefu, ni dakika tatu au nne hivi. Lakini bendi zetu za miaka ya 1970 zilipenda nyimbo ndefu. Wafanyeje? Waliukata wimbo katikati. Upande wa kwanza uliandikwa Sehemu ya Kwanza, na upande wa pili Sehemu ya Pili. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya maneno: salamu, kisa, lawama kwa mchumba na kadhalika. Sehemu ya pili ndiyo magitaa hufunguliwa kamba. Mwimbaji hunyamaza au hubaki akitaja majina ya wenzake, gitaa la solo linapanda mlima, besi inafuata nyuma, na ngoma inakuwa kama mvua juu ya mabati. Nyimbo za benga, za akina Wanyika na za Wakongo waliohamia Nairobi, nyingi zilijengwa hivyo.

Na redio ilipiga upande upi? Mara nyingi ni ule wa kwanza. Mtangazaji ana nyimbo nyingi na saa moja tu, basi huchezesha maneno, na pale gitaa linapokaribia kufunguka anazima na kusoma salamu za wasikilizaji. Maana yake ni kwamba kuna Wakenya waliopenda nyimbo hizo maisha yao yote bila kusikia nusu iliyo tamu zaidi. Hii kwangu ni sawa na kumaliza Utengano ya Said Ahmed Mohamed katikati, ukarudisha kitabu maktaba ukisema umekisoma.

Basi mimi nimekuwa mtu wa upande wa pili. Wimbo ambao hakuna aliyeuomba ndio ninaoutaka. Mwanamuziki ambaye watu husema "yule alikuwa na vituko" ndiye ninayemtafuta.

Turudi kwa wale wasichana mliowazomea. Wimbo wao unaitwa Chemirocha, na kisa chake ni cha ajabu kuliko filamu yoyote tuliyowahi kuonyeshwa hapa ukumbini.

Huko Mississippi, Marekani, alizaliwa mwaka 1897 mtu aliyeitwa Jimmie Rodgers. Alifanya kazi katika reli, akapatwa na kifua kikuu, kazi ikamshinda, akashika gitaa. Alianza kurekodi mwaka 1927. Alikuwa na mtindo wa kuivunja sauti katikati ya wimbo, ikitoka kifuani na kurukia puani na kurudi, kama jogoo anayebalehe. Watu waliupenda kupita kiasi. Ugonjwa haukumwacha. Mei 1933 alikuwa studioni New York akirekodi huku amewekewa kitanda cha kupumzikia kati ya wimbo na wimbo, na siku mbili baada ya kumaliza akafariki, hajatimiza hata miaka 36.

Sasa santuri hazina pasipoti, huenda zinakotaka. Za Rodgers zilifika hadi nchi ya Wakipsigis pamoja na gramafoni za wageni. Wazee na vijana walisikia sauti ya mtu ikitoka sandukuni, tena mtu anayepiga gitaa na kuvunja sauti kama asiye mwanadamu wa kawaida. Jina lake, Jimmie Rodgers, likipita katika ulimi wa Kikipsigis likatoka Chemirocha. Jaribuni wenyewe kulitamka haraka haraka, mtaona halikupotoka sana!

Mwaka 1950 akaja Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, ambaye alizunguka Afrika na mashine ya kunasia sauti akikusanya nyimbo za wenyeji. Huko kwetu alikuta jina Chemirocha limeshakuwa wimbo, tena si mmoja, kwani alinasa nyimbo tatu zenye jina hilo. Ule wa tatu ndio niliouweka ukumbini. Aliyeongoza ni msichana aitwaye Chemutoi Ketienya, na wenzake wakaitikia, kwa kinubi cha kwetu. Tracey aliandika kwamba kwa wasichana wale Chemirocha alikuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, na kwamba katika wimbo wanamwalika aje acheze nao, acheze kwa nguvu hadi nguo zimvuke.

Hebu fikirini. Mgonjwa wa kifua kikuu kutoka Mississippi, amekufa miaka 17 kabla, hajawahi kusikia neno Kericho, anaalikwa ngomani na wasichana wa milima ya chai wavue mbavu kwa kumcheka. Na hawakumwiga. Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Angekuwa mwanafunzi wa leo angetafuta gitaa kama la Rodgers, kofia kama ya Rodgers na Kiingereza cha puani kama cha Rodgers. Wao walichukua jina tu, wakalitia katika kinubi chao na lugha yao, likawa lao. Nyanya yangu nilipomsikilizisha kwenye simu ya mjomba, maneno mengine hayakumfikia vizuri kwa sababu ya mkwaruzo, lakini pale pa kuitikia aliitikia bila kuombwa, huku anamenya viazi.

Wimbo huo ulikaa wapi miaka yote hiyo? Ulikaa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Watu wa ng'ambo waliununua katika santuri, wakausifu, wakauandikia makala. Sisi tunaotoka huko huko hatukuwa nao. Ilichukua takriban miaka 65 kabla maktaba hiyo, ikishirikiana na Tabu Osusa wa Ketebul Music ya Nairobi, kuleta nakala nyumbani na kuwatafuta waimbaji au jamaa zao. Miaka sitini na mitano! Msichana wa miaka kumi na mitano siku ya kurekodi alikuwa ajuza wa themanini siku ya kusikia sauti yake ikirudi, kama alibahatika kuwa hai.

Kuna msemo ambao rafiki yangu wa dawati alinitupia tulipobishana baadaye bwenini. Alisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama huo wimbo ungekuwa mzuri, ungejulikana." Methali ni tamu na mwalimu angempa alama. Lakini katika mambo ya muziki naipinga mchana kweupe. Kizuri hakijiuzi kama hakina duka. Wimbo hujiuza ukipata redio, ukipata mtu wa kuuchapa, ukipata lugha ambayo mtangazaji anaielewa na saa ya kuchezwa ambayo watu hawako shambani. Santuri ya rafiki wa babu haikushindwa na nyimbo nyingine. Haikupangwa hata kwenye mstari wa kuanzia mbio.

Tazama mfano mwingine. Mwaka 1968 bendi ya Waingereza, The Tremeloes, iliimba Helule Helule, na ikaingia katika nyimbo ishirini bora za Uingereza. Mwenye wimbo ni nani? Ni Daudi Kabaka wetu. Ala, kumbe ulikuwa mzuri kiasi hicho! Wimbo ni ule ule, ila safari hii ulikuwa na duka.

Na tusisahau Siti binti Saad. Hapa nawauliza hasa wenzangu wa Chama cha Kiswahili, tunaojigamba kwa kumsoma Shaaban Robert. Wasifu wa Siti binti Saad tunaujua kwa jina, wengine tumeusoma na kuuandikia insha. Tunajua alizaliwa Fumba, Unguja, kwamba alikuwa maskini, kwamba wakubwa walimdharau kisha wakamwita majumbani mwao. Tunajua alisafiri na wenzake hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Je, ni wangapi kati yetu wamesikia sauti yake? Nilifanya uchunguzi wangu mdogo, si wa kisayansi, nikauliza darasa zima. Hakuna hata mmoja. Yaani tunasifu sauti tusiyoijua, kama mtu anayesifu pilau kwa kusoma menyu. Nami nilikuwa mmoja wao hadi mwalimu mlezi aliponisikilizisha. Mara ya kwanza, nakiri, sikuipenda. Santuri inakwaruza kama mtu anayekaanga vitunguu karibu na kipaza sauti, na sauti ya Siti ni kali, haikubembelezi. Mara ya nne ndipo nilipoanza kusikia anavyoivuta silabi moja kama uzi usiokatika. Mara ya nne, si ya kwanza. Ule wimbo wa ukumbini mliupa nusu dakika.

Nikiwa bado pwani, lazima niwaambie kuhusu tashkota. Ala hii ndiyo inayonifurahisha kuliko zote, na sijui kwa nini haimo katika vitabu vyetu. Ina nyuzi kama za zeze, lakini huzibonyezi kwa vidole. Kuna vibonyezo vilivyopangwa safu, kama vile vya taipureta ya katibu wa mwalimu mkuu. Mkono mmoja unachapa, mwingine unakwangua nyuzi. Asili yake ni Japani, mji wa Nagoya, ambako ilibuniwa mwaka 1912. Ikafika Bara Hindi, na Mombasa nako watu wa taarabu wakaidaka. Sikilizeni nyimbo za Zuhura Swaleh mtaisikia ikichechemea na kuruka kama kuku aliyekanyaga makaa. Kuna mtu aliniambia ile si ala ya heshima kama udi, eti ni kitu cha watoto. Na iwe cha watoto! Mtu anayeweza kuchukua kichezeo cha Kijapani akakifanya kilie Kiswahili cha Mombasa ananipendeza kuliko anayepiga udi kwa ufundi mkubwa bila kunishtua hata mara moja.

Yuko pia mpiga nyatiti, ambaye huketi chini, ala ikamwegemea, na katika kidole gumba cha mguu amevaa pete nene ya chuma anayogongea ubavu wa ala ile ile. Vidole vinapiga nyuzi nane, mguu unapiga ngoma, mdomo unasifu marehemu. Mtu mmoja, bendi tatu. Marehemu Ayub Ogada aliipeleka nyatiti hadi majukwaa ya Ulaya, na wimbo wake Kothbiro ukasikika katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005. Nimeona wenzetu wakishangilia mpiga gitaa wa ng'ambo anayepiga kwa meno. Wakimwona huyu wa pete mguuni wanasema ni mambo ya tamasha la muziki, ya kutafutia cheti.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kila cha kale ni dhahabu. Katika sanduku la babu kuna takataka pia, tena nyingi. Kuna santuri moja ambayo mwimbaji na gitaa hawakukubaliana kabisa kuhusu mahali pa kuanzia, wakaendelea hivyo hivyo hadi mwisho, kila mmoja akishikilia haki yake. Kuna nyingine ambayo mtu anakohoa wazi katikati, na hawakurudia, nadhani kwa kuwa muda wa studio ulikuwa pesa. Hizi nazo nazipenda, lakini si kwa sababu ni nzuri. Nazipenda kwa sababu unasikia chumba, na watu waliokuwa mle chumbani, na harara waliyokuwa nayo. Siku hizi mashine hufuta kikohozi.

Wala sisemi tusicheze nyimbo zinazovuma. Mimi mwenyewe nilicheza ile Jumamosi, waulizeni walioniona. Ninachosema ni kwamba burudani ya saa mbili inaweza kutoa dakika tano kwa kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Dakika tano tu, na watu wanyamaze. Baada ya hapo mkitaka kuzomea, zomeeni, lakini zomeeni kitu mlichokisikia.

Kuna jambo moja katika kisa cha Kapkatet, ambako wasichana wale walirekodiwa, linalonisumbua. Jina la Chemutoi Ketienya liliandikwa. Wale walioitikia waliandikwa "wasichana wa Kikipsigis", basi. Lakini wimbo ule bila wao si wimbo! Sauti iliyomfanya nyanya yangu aache kisu na kuitikia ni ya wale wasio na jina. Nao si watu wa hekaya, ni watu wa tarafa ya pili kutoka kwetu, safari fupi ya matatu. Walikuwa na mama na baba, waliolewa, walilima mahindi. Ingechukua dakika moja tu kumuuliza kila mmoja, "Waitwaje?" Tracey alifanya mengi ambayo hakuna mwingine aliyeyafanya, nami namshukuru, ila dakika ile moja nitamdai daima.

Kwa hiyo nimependekeza kwa Chama chetu jambo dogo, na mwalimu mlezi hajakataa. Tutakaporudi kutoka likizo, kila mwanachama alete wimbo mmoja wa mtu wa kwao ambaye hajulikani redioni. Awe nyanya anayeimba akipura wimbi, awe mzee wa kinubi, awe yule jamaa wa sokoni anayepiga gitaa la kopo ambaye sote tunamwita mwendawazimu. Simu za nyumbani zinaweza kunasa. Na kabla ya kubonyeza, mtu aandike majina yote, wa mbele na wa kuitikia, wa makofi na wa vigelegele, pamoja na mahali na tarehe. Mwenye kupenda kuimba tu bila jina lake kutajwa aulizwe pia, maana sauti ni yake. Tutaweka katika tarakilishi ya maktaba na nakala nyingine mahali pengine, kwa kuwa tarakilishi ya maktaba sote twaijua.

Mimi wangu nimeshauchagua. Babu alipopata nafuu nilimwomba aniimbie ule wimbo wa santuri niliyoivunja. Alikumbuka ubeti mmoja na nusu. Sehemu ya pili hakuweza kuiimba kwa sababu haina maneno, akaipiga kwa mdomo, tirin-tin, tirin-tin, na mahali fulani akanyamaza, akapiga mbinja. Nikamuuliza, "Babu, hiyo mbinja ni yako au imo?" Akasema imo. Rafiki yake alikuwa na kawaida ya kupiga mbinja akikata chai, na kule studioni ilimtoka bila kujua, wakaiacha.

Santuri zilizobaki ni 41. Nimezihesabu, nimezipangusa na kuzisimamisha wima katika katoni la sabuni, mbali na mahindi na mbali na mpera. Na kama kwenu kuna sanduku kama hilo, tafadhali angalia ndani kabla hujalitumia kukalia. Ninayoitafuta ina lebo nyekundu, wimbo ni wa Kiswahili, mwimbaji ni Mkamba, umegawanywa sehemu mbili. Geuza upande wa pili usikilize. Ukisikia mtu anapiga mbinja katikati ya gitaa, usiirushe. Njoo bweni letu, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, hata kama ni usiku wa prepu.